Sanduku la Anko Hadubini: Hivi kingamwili inaua yenyewe au inaita wauaji?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za saratani ya damu, sijui ni kwa sababu ya kile nilichoandika toleo lililopita kuhusu full blood picture au ni bahati tu. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndo imebeba nyingine zote, wengine mnisamehe.

Shikamoo anko. Mzee wangu ana miaka 68, amekutwa na lukemia, saratani ya damu ile ya polepole wanaiita CLL, tezi zilimjaa shingoni na seli nyeupe zimepanda hadi tukaitwa ofisini na daktari. Sasa wanataka kuanza kumpa dripu ya kingamwili, na daktari kasema kabisa hii dawa inaua seli za lukemia moja kwa moja. Mi bayolojia nimesoma mpaka fomu sikisi na tulifundishwa kingamwili haiui, inaweka alama tu halafu wengine wanakuja kula. Nilipomuuliza akacheka, akasema mnasoma sana mitandaoni. Nani yuko sahihi? Kijana wa Mzee, Mwanza

Marahaba kijana, na mzee mpe pole. Wote wako sahihi, mwalimu wako na daktari wako, ila mwalimu aliishia njiani na daktari alikuwa na foleni nje.

Tuanze na mwalimu. Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, mikono miwili juu na mkia chini. Mikono ndo inashika, na inashika kitu kimoja tu ilichoumbiwa, kingine chochote inakipita kama haikioni. Mkia kazi yake ni kuita watu. Mwizi akionekana uswahilini saa nane usiku, yule mama aliyemwona wa kwanza hamgusi hata kwa kidole, anapiga yowe tu "mwiziii!" na kinachofuata mnakijua. Kwenye damu wanaoitika yowe wako wa aina tatu: seli za NK, yaani wauaji wa asili, hizi zinamwingizia mhalifu sumu, makrofeji, hizi zinameza mzima mzima, na protini za komplementi ambazo zinajipanga juu ya ganda la seli na kulitoboa, maji yanaingia, seli inapasuka. Rituximab, ambayo ndo kingamwili ya kwanza ya saratani kupitishwa Marekani, mwaka 1997 kwa ajili ya limfoma, yaani saratani ya tezi, na baadaye 2010 kwa CLL ya mzee wako, kazi yake kubwa ni hiyo ya kupiga yowe. Inashika kitu kinaitwa CD20 kwenye ganda la seli B, zile seli nyeupe ambazo ndo zinaugua kwenye CLL, inanyanyua mkia, inaita.

Sasa twende kwa daktari. Vile vitu vilivyosimama juu ya ganda la seli sio mapambo, vingi ni kama swichi ya ukutani, unaona kitufe tu lakini nyuma yake kuna waya unaenda mbali. Na kingamwili ina mikono miwili kumbuka, kwa hiyo ikishika kimoja kwa mkono huu na kingine kwa mkono ule inavivuta vikae karibu, na kwa baadhi ya vitu hivyo huko kusogezwa tu ndo kubonyeza swichi. Ujumbe unaingia ndani. Na kila seli ya mwili wako, hata hii ya ngozi ya kidole unachoshikia simu, imezaliwa na mpango wa kujiua pale itakapobidi, inajikunja, inakata DNA yake vipande vipande, inajifunga vifurushi vidogo na kuondoka kimya kimya bila kuchafua jirani. Seli ya lukemia ni ile iliyokataa kufuata huo mpango. Kingamwili inayoua moja kwa moja ni ile inayoulazimisha uanze, au inafungua mlango mwingine wa kifo ambao lukemia ilisahau kuufunga.

Huo mlango mwingine ndo mtamu. Kuna dawa inaitwa obinutuzumab, nayo inashika CD20 ileile kama rituximab, lakini inashika kwa pembe tofauti, na kwa kila seli inakaa kwenye CD20 kama nusu tu ya zile inazokaa rituximab. Ungedhani basi itakuwa dhaifu. Kumbe ndo inaua zaidi! Seli zinaanza kung'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe, na ndani vile vijifuko vya tindikali vinavyoitwa laisosomu, ambavyo kawaida vinameng'enya takataka za seli, vinapasuka, vimeng'enya vinamwagika na kuanza kula nyumba iliyovitunza. Chukulia betri ya gari imepasuka sebuleni. Hapo hakuna NK aliyeitwa, hakuna komplementi, na hata vile vimeng'enya maarufu vya seli kujiua havihitajiki.

Matokeo kwa watu? Kuna utafiti mkubwa ulioongozwa na Wajerumani, CLL11, wagonjwa 781 ambao wengi walikuwa wazee wenye magonjwa mengine juu, majibu yakatoka 2014. Waliopewa obinutuzumab pamoja na vidonge vya kemo vya klorambusili walikaa kwa wastani wa kati miezi 26.7 kabla ugonjwa haujaamka tena, wa rituximab na vidonge hivyohivyo miezi 15.2. Ila hapa mi nawakataza watu wasishangilie haraka, kwa sababu waliotengeneza obinutuzumab walifanya mambo mawili kwa mpigo, walibadilisha inavyoshika na pia waliondoa aina moja ya sukari kwenye mkia ili yowe lisikike zaidi kwa NK. Kwa hiyo ndani ya mwili wa mtu ukiniuliza ni asilimia ngapi iliuliwa na mikono na ngapi na mkia, nitakwambia kaka hizo mechi mbili zilichezwa uwanja mmoja.

Muulize daktari mzee anapewa ipi kati ya hizo mbili. Sio swali la ujuaji, ni haki yenu, na safari hii sidhani kama atacheka.

Shikamoo anko, mi niko diploma ya maabara mwaka wa pili, Morogoro. Swali langu ni la kiufundi, wanajuaje kwamba kingamwili imeua yenyewe wakati damu ya mtu imejaa hao NK na komplementi? Si wote wako mlemle?

Marahaba mdogo wangu, hili ndo swali la mtu wa benchi. Jibu ni kwamba unawafukuza mashahidi wote chumbani, mmoja baada ya mwingine, unabaki na kingamwili na seli tu.

Unachukua damu ya mgonjwa, unatenga zile seli za lukemia, unaziosha. NK na makrofeji wameondoka. Seramu ya kulishia seli unaipasha kwenye water bath nyuzi 56 kwa dakika 30, komplementi imekufa hapo, haivumilii joto. Halafu kama bado unajishuku unachukua kimeng'enya unakata mkia wa kingamwili, unabaki na mikono miwili mitupu imeungana. Haiwezi kuita mtu hata ikitaka. Unaweka kwenye seli, unafunga inkubeta, unaenda kunywa chai. Ukirudi kesho yake seli zimekufa wakati zile za chupa ya pembeni, iliyopewa kingamwili isiyohusika, ziko hai, basi muuaji ni mmoja tu.

Kuhesabu maiti nako kuna ufundi. Seli inayojiua inageuza ganda lake, mafuta ya aina fulani yaliyokuwa upande wa ndani yanatokeza nje, na kuna protini inaitwa aneksini V inayapenda hayo mafuta kama nzi na embe. Unaipaka rangi inayong'aa. Pamoja nayo unatia rangi nyekundu ambayo haiwezi kuingia kwenye seli yenye ganda zima. Unapitisha kwenye flosaitometa, seli zinapita mbele ya leza moja moja: isiyong'aa kabisa ni nzima, iliyong'aa aneksini peke yake imeanza safari, iliyong'aa zote mbili imeshafika. Na kama chuo chenu hamna flosaitometa, usijione mnyonge, wengi wetu tuliisoma kwenye kitabu miaka mingi kabla ya kuiona.

Kwa njia hiyohiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walionyesha mwaka 2013 kwamba kingamwili dhidi ya kitu kinaitwa CD44 inaua seli za CLL yenyewe, bila komplementi wala NK, na hasa zile za wagonjwa wenye protini ya ZAP-70, ambayo kwa kawaida ni dalili kwamba ugonjwa utakwenda mbio. Seli B za kawaida hazikupata madhara ya maana. Miaka minne baadaye wa New York wakaonyesha jambo linalofanana kwenye lukemia kali ya AML, safari hii walengwa ni CD99, ukiishika seli inapokea ishara nyingi kupita kiasi na kufa. Unaona ilivyo, mlengwa ni mwingine na waya wa ndani ni mwingine, hakuna kanuni moja. Na nikuonye mapema, kuua kwenye chupa na kuua kwenye mtu ni vitu viwili, ile ya CD44 ilipopelekwa kwa wagonjwa wa AML walionufaika walikuwa wachache mno.

Nikuchekeshe kidogo kabla sijakuacha. Kwenye maabara za dunia nzima wakitaka kupima kingamwili ya CD20 inaua vizuri kiasi gani, mojawapo ya seli wanazotumia sana zinaitwa Daudi. Ndio, Daudi hivyohivyo. Zilitoka kwenye uvimbe wa Burkitt wa kijana wa Kiafrika mwaka 1967, na zinaendelea kugawanyika kwenye chupa mpaka leo. Ni limfoma, sio lukemia, lakini ni seli B zenye CD20 tele. Kila nikisoma mzungu kaandika kwenye jarida "tuliwaua Daudi kwa asilimia kadhaa" nacheka peke yangu.

Na jingine, hili ni la kwangu. Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kutupa slaidi nikidhani nimeiharibu, maana nusu ya seli zilikuwa zimepondeka, zimebaki madoa ya zambarau kama nyanya iliyokanyagwa. Nikapaka nyingine, vilevile. Ya tatu, vilevile. Mkuu wangu akaja akachungulia, akaniuliza nimetupa ngapi, akaniambia hayo madoa ndo ugonjwa wenyewe, seli za CLL ni dhaifu zinapondeka ukizivuta kwenye kioo, tia tone la albumini kwenye damu halafu paka tena. Nikatia, zikasimama zote. Mzee wa watu alikuwa amekaa kwenye benchi nje anasubiri toka asubuhi.

Dada yenu hapa, Kigamboni. Mwanangu ana miaka 6, ana lukemia ya ALL, yuko kwenye kemo mwezi wa pili sasa nywele zimeisha na ananililia kila tukikaribia hospitali. Nimesikia kuna kingamwili ambazo hazina mateso kama kemo. Niwaambie waache kemo wampe hizo?

Hapana dada yangu. Usiache kemo, tafadhali sana. ALL ya watoto ni mojawapo ya saratani zinazopona vizuri kuliko zote, kwenye nchi tajiri watoto kama 9 kati ya 10 wanavuka miaka mitano, na kilichowafikisha hapo kwa sehemu kubwa ni hiyohiyo kemo, imepangwa vizuri na imemalizwa hadi mwisho. Wanaotukatisha tamaa ni wale wanaoona mtoto amenenepa, anacheza, damu imekuwa safi, wakaacha katikati.

Kingamwili za ALL zipo kweli. Kuna blinatumomab, iliyopitishwa Marekani mwishoni mwa 2014, nayo haiui yenyewe, ina pande mbili, huku inashika seli ya lukemia huku inashika seli T, askari mwingine wa kinga, inazigonganisha kama mshenga. Haidumu mwilini, inaisha ndani ya masaa machache tu, kwa hiyo mgonjwa anabeba pampu inayotiririsha usiku na mchana kwa siku 28 mfululizo. Kuna nyingine inaitwa inotuzumab, hii imebebeshwa sumu. Nazo zina mateso yake, usidanganywe na mtu. Na zinapotumika mara nyingi zinaungana na kemo au zinakuja pale kemo iliposhindwa, ni daktari wa mtoto ndo anajua wenu yuko wapi.

Kuhusu kulia, muulize nesi kama mtoto anaweza kuwekewa ile njia ya kudumu ya mshipa badala ya kuchomwa kila siku. Kwa wengi sindano ndo adui, dawa wanaizoea.

Anko, shemeji yangu anauza juisi ya unga wa majani, kwenye chupa ameandika INAONGEZA KINGAMWILI, INATIBU KANSA YA DAMU. Elfu 45 chupa. Baba mkwe amenunua tatu. Naomba kauli yako. Mkwe, Dodoma

Kauli yangu ni kwamba shemeji ana mkono mzuri wa kuandika chupa.

Dawa ya kingamwili anayopewa mgonjwa ni kingamwili ya aina moja tu, molekuli zote pacha, zote zinatafuta kitu kilekile. Kuzipata hizo pacha ndo kazi Köhler na Milstein waliyoifanya Cambridge mwaka 1975, waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokufa, wakapata kiwanda kisicholala, wakapewa Nobeli 1984. Majani hayafanyi hivyo. Hata ukifanikiwa kuongeza kingamwili zako zote za mafua na surua na tetekuwanga, hakuna hata moja inayomjua CD20. Na mwenye CLL mara nyingi kingamwili zake za kawaida zinashuka kwa sababu kiwanda chenyewe, yaani seli B, ndo kimeugua. Sasa juisi itaongeza nini, na kutoka wapi?

Baba mkwe kama anapenda ladha yake anywe, ila amwambie daktari anakunywa nini, na chupa ya nne asinunue. Hela hiyo ni nauli ya kliniki mara kadhaa.

Hujambo bwana. Mamangu alitiwa rituximab hapa Mombasa, siku ya kwanza akatetemeka kitandani mpaka meno yakagongana, wauguzi wakafunga dripu, baadaye wakaifungua tena polepole. Mbona dawa ya kutibu imtende hivyo? Na mbona walimpima kwanza homa ya ini ilhali hana? Bin Mama

Sijambo, na pole kwa kushuhudia. Siku ya kwanza ndiyo mbaya kwa sababu siku hiyo ndiyo kuna seli nyingi za kuua, zinapokufa kwa pamoja na wauaji wakichachamaa kemikali zinamwagika kwenye damu, mwili unatetemeka, homa, presha inashuka. Ndiyo maana wanaanza taratibu, miligramu 50 kwa saa, kisha wanapandisha kila nusu saa mgonjwa akivumilia, na kabla ya yote anapewa parasetamoli na dawa ya aleji. Kufunga dripu kisha kuifungua polepole ni sawasawa kabisa, hao wauguzi walijua kazi yao. Obinutuzumab siku ya kwanza ni kali zaidi, hata dozi yake wanaigawa, miligramu 100 leo na 900 kesho. Na wenye seli nyingi sana wanapewa alopurinoli na kuambiwa wanywe maji kwa wingi, kwa sababu seli zikifa kwa mamilioni mabaki yake yanageuka yuriki asidi, ileile ya gauti, ikaenda kuziba figo. Kuua haraka nako kuna gharama.

Homa ya ini, hapo nataka kila msomaji asimame kidogo. Kirusi cha hepataitisi B kinaweza kujificha kwenye ini miaka na miaka kikilindwa na kinga yako. Dawa za CD20 zinafuta seli B zote, za lukemia na nzima pia, zile nzima zinachukua miezi 6 hadi 12 kurudi, na kirusi kikiona askari hayupo kinaamka, wapo waliokufa kwa ini wakati saratani imeshapona. Kwetu huku hepataitisi B iko mitaani kwa wingi. Kwa hiyo kipimo ni kabla ya dripu ya kwanza, tena viwili, cha kirusi chenyewe na cha alama kwamba uliwahi kukutana nacho. Mamako hana, alhamdulillahi, lakini bila kupima mngejuaje.

Na mtu wa Iringa aliyeuliza kwa meseji kwa nini majina yote haya yanaishia na "mab": huo ni mkia wa jina la ukoo wa kingamwili pacha, na kwenye majina ya zamani herufi zinazotangulia zinakwambia asili. "Xi", kama kwenye rituximab, ni mchanganyiko wa panya na binadamu. "Zu", obinutuzumab, ni ya panya iliyofanywa kama ya binadamu. "U" tupu, ofatumumab, ni ya kibinadamu yote. Ukikutana na "ozogamicin" baada ya jina, kama gemtuzumab ya AML, ujue kingamwili imebeba mzigo, sumu iliyotolewa kwa bakteria wa udongo wa Texas inayokata DNA pande zote mbili. Hiyo iliruhusiwa Marekani 2000, ikaondolewa sokoni 2010 kwa sababu utafiti ulionyesha vifo vya mapema zaidi bila faida ya kuonekana, ikarudi 2017 kwa dozi ndogo zilizogawanywa. Barua ya aliyeuliza kama ni haki kuirudisha nimeiweka pembeni, ni ndefu, toleo lijalo.